Tiketi Mbili Zisizoamkiana

Sanduku nimelinunua Kiboriloni, la mtumba.
Mpini wake ulikuwa bado na utepe wa safari ya mtu mwingine:
herufi tatu, namba ndefu, jina limefutika.
Nimeukwangua kwa kisu cha kumenyea ndizi.
Imebaki gundi.

Tiketi ya kwanza, KIA mpaka Dar,
kainunua Aminieli.
Ya pili, Dar mpaka Doha, Doha mpaka Ujerumani,
kainunua dada yake Aikande, aliyejifungua juzi.
Pochi mbili, kampuni mbili,
na hao wawili hawajasemezana
tangu tulipomzika baba yao
na masale ya mpakani yakahama usiku,
yakameza migomba minne.

Binti wa kaunta, pale karibu na mnara wa saa,
aligeuza karatasi zangu mara mbili, akaguna.
"Mama, hizi hazijuani."
Nikamwambia, najua.
"Yaani mzigo ukipokelewa KIA, unaishia Dar.
Hauvuki wenyewe.
Utashuka, utausubiri kwenye mkanda,
utautoa nje kabisa, uupeleke jengo lingine,
upange foleni upya kama ndiyo kwanza unatoka nyumbani.
Na ya kwanza ikichelewa, ya pili haitakusubiri.
Haidaiwi."

Haidaiwi.
Neno hilo nililisikia kwenye kikao cha ukoo,
likitoka kinywani mwa mwanangu mwenyewe.

"Katikati una saa ngapi?"
Sita.
"Afadhali. Zikipungua nne, utalia."

Usiku nikapima kwa mizani ya kahawa ya Mama Ndelilio.
Tiketi ya kijana inaruhusu kilo kumi na tano,
ya binti ishirini na tatu.
Nimsikilize nani?
Safari inamsikiliza mwenye mkono mfupi.
Nikatoa kahawa. Nikatoa vitenge viwili.
Unga wa ulezi nikauacha, uji wa mzazi hauna mbadala.
Dawa, miwani na tiketi zote mbili
nikaziweka kwenye mkoba wa begani,
maana sanduku likipotea, mimi nisipotee nalo.

Juu kabisa nilikuwa nimelaza jani la sale,
nimelifunga fundo kama wazee walivyofunga
mtu alipotaka kusema nisamehe, mdomo ukakataa.
Nililichuma upande wa Aminieli, bila kumwambia.
Kisha nikakumbuka orodha ya yule binti:
mimea mibichi hairuhusiwi.
Nikalitoa.
Likalala mezani, fundo lake likinitazama.

Asubuhi KIA, wingu limekaa chini kama kuku anayeatamia.
Ndege ya kutoka Dar haijatua.
Nusu saa. Saa nzima.
Aminieli anazunguka na funguo za gari mkononi.
"Mama, utaikosa ile nyingine!
Mpigie simu, aulize kama wanaweza kubadilisha."
Mpigie wewe, nikasema. Simu yangu imezima.

Haikuzima. Ilikuwa na chaji asilimia themanini,
nimeikalia kama jiwe la moto.

Alisimama kwenye nguzo, amenipa mgongo.
Kiatu chake kinachora sakafuni,
vilevile alivyochora akiwa na miaka tisa,
kibatari kimevunjika, na mchoraji hajulikani.
Kisha nikasikia, kwa sauti ya mtu anayebeba gunia:
"Shikamoo, dada."

Baada ya hapo sikusikia tena.
Tangazo la ndege lilikuwa linapiga kelele.

Sanduku likawekwa kwenye mkanda.
Kijana wa zamu akabandika utepe mpya
juu kidogo ya ile gundi ya zamani:
DAR, na si zaidi ya hapo.
Likapita mapazia ya mpira, likainama, likaenda.

Saa sita zimekuwa nne na dakika kumi.
Aminieli bado yuko kwenye simu.
Ananipungia mkono bila kuangalia.